Vepu ipi ina gharama ndogo kwa miaka mitano? Hesabu ianze na mililita

Swali: "Nimevuta sigara pakiti moja kwa siku tangu nikiwa kijana Mombasa, na nilipohamia huku Leicester bei yake ikanishinda. Nikahamia vepu, yaani sigara za kielektroniki, za kutumia na kutupa, na zilipopigwa marufuku nikanunua kifaa cha podi, vile vitangi vidogo vya juisi, zinazokuja zimejazwa tayari. Podi moja hunitosha siku nzima. Tangu hapo nimeacha sigara, isipokuwa mbili tatu kwa siku wakati wa mapumziko. Dereva mwenzangu anatumia kifaa kikubwa cha moshi mwingi, naye ananiambia chupa yake ya mililita 100 ni pauni 12 tu. Shemeji yangu naye ana kile kidogo cha kujaza mwenyewe. Naomba unifanyie hesabu: kwa miaka mitano, kipi kitanigharimu kidogo? Na je, ninunue akiba ya chupa kabla ya kodi ya vepu ya Oktoba 2026?"

Jibu:

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza habari ya miaka mitano, kwa sababu wengi wanaoniletea swali hili huishia kwenye bei ya kifaa, na bei ya kifaa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika hesabu nzima. Nitatangulia kukupa jibu, kisha nieleze nimelifikiaje. Kwa mtu aliyekuwa akivuta pakiti moja kwa siku kama wewe, kilicho nafuu zaidi ni kifaa kidogo cha kujaza mwenyewe, yaani kile cha shemeji yako. Kifaa kikubwa cha dereva mwenzako, ambacho leo kinaonekana cha bei nzuri, kitakuwa na gharama kubwa kuliko podi zako zilizojazwa tayari mara ushuru mpya utakapoanza. Akiba ya chupa unaweza kuweka, lakini kwa kiasi kidogo na kwa masharti nitakayoyataja. Na kuna gharama moja uliyoitaja kwa kupitia tu ambayo inaishinda gharama ya kifaa cha shemeji yako, hiyo nitairudia.

Jambo moja liwe wazi kabla ya tarakimu. Hesabu hii inamhusu mtu aliyekwisha kuwa mvutaji wa sigara na anayetafuta njia ya kutoka. Kwa asiyevuta, gharama nafuu ni ya kutoanza, na hivyo ndivyo huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inavyowashauri watu: vepu ina madhara machache kuliko sigara, lakini haikosi madhara, na haimfai asiyevuta wala mtoto. Bei ninazotumia hapa chini ni za kawaida katika maduka ya Uingereza. Ikiwa duka lako lina bei tofauti, badilisha tarakimu, kwa kuwa njia ya kukokotoa ni ileile.

Unachonunua kila siku ni kimiminika, ile juisi, na kila aina ya kifaa inakuuzia mililita moja kwa bei yake. Vepu za kutumia na kutupa, ambazo kuuzwa kwake kumekatazwa kote Uingereza tangu tarehe 1 Juni 2025, zilikuwa na mililita 2 kwa bei ya pauni 5 na nusu hivi, maana yake ulikuwa unalipa takriban pauni 2 na peni 75 kwa kila mililita. Podi zako zilizojazwa tayari huuzwa mbili kwa pauni 6, kila moja ikiwa na mililita 2, hivyo mililita ni pauni 1 na nusu. Chupa ya mililita 10 ambayo shemeji yako hujazia podi yake huuzwa kwa pauni 3 na nusu, na ukinunua kadhaa kwa pamoja hushuka zaidi. Mililita hapo ni peni 35. Chupa ya mwenzako ya mililita 100 kwa pauni 12 inakuja bila nikotini, kwa hiyo lazima aongeze vichupa viwili vya nikotini vya mililita 10, kila kimoja pauni 1 hivi, naye anapata mililita 120 kwa pauni 14. Hiyo haifiki peni 12 kwa mililita, na ndiyo sababu anaona amepata bahati.

Huenda ukajiuliza kwa nini chupa moja iwe ya mililita 10 na nyingine ya 100. Kanuni za Uingereza za mwaka 2016 zinazuia kimiminika chenye nikotini kuuzwa katika chupa inayozidi mililita 10, kuwa na nikotini inayozidi miligramu 20 kwa mililita, au kuwekwa katika tangi linalozidi mililita 2. Kimiminika kisicho na nikotini hakikuguswa na kipimo hicho cha chupa, na watengenezaji wakaona mwanya: chupa kubwa iachwe na nafasi juu, mnunuzi aongeze nikotini mwenyewe nyumbani na kutikisa. Vichupa viwili vya miligramu 18 kwa mililita vikimiminwa katika mililita 100 vinatoa nguvu ya miligramu 3 kwa mililita, nayo ndiyo nguvu ya kawaida ya watumiaji wa vifaa vikubwa. Ishike tarakimu hiyo, kwa sababu ndiyo itakayomponza mwenzako.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo bei ya chupa hailionyeshi. Kifaa kidogo cha podi hufanya kazi kwa wati 10 hadi 20 hivi, na huvutwa kama sigara, moshi ukiingia kwanza mdomoni. Kifaa kikubwa hufanya kazi kwa wati 60 au 80, koili yake, ule waya unaopasha kimiminika moto, ina ukinzani wa umeme ulio chini ya ohm moja, na moshi huvutwa moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Nguvu hiyo yote kazi yake ni kugeuza kimiminika kuwa mvuke, na wati nyingi zaidi maana yake ni kimiminika kingi zaidi kinachoisha kila unapovuta. Mtu anayetumia kifaa kidogo na nikotini ya miligramu 20 kwa mililita hutosheka kwa mililita 2 kwa siku, kama wewe unavyotosheka kwa podi moja. Mwenye kifaa kikubwa na nikotini ya miligramu 3 humaliza mililita 10 kwa siku bila kuhisi amezidisha, na kwa kuwa tangi lake halipaswi kuzidi mililita 2, hulijaza mara tano kutwa. Mwangalie mwenzako katika kituo cha mabasi: kila mapumziko utamwona na chupa mkononi.

Hilo halitokani na uroho. Mwili uliozoea nikotini hutafuta kiwango chake, na usipokipata katika kuvuta mara moja huvuta tena, kwa muda mrefu zaidi na kwa nguvu zaidi. Watafiti wa London South Bank University waliwapa watumiaji wa vepu kimiminika chenye nikotini ndogo na chenye nikotini nyingi kwa nyakati tofauti, na wakakuta kwamba kwenye nikotini ndogo watu walivuta mara nyingi zaidi na kumaliza kimiminika kingi zaidi. Kwa mfuko wako, maana yake ni hii: kushusha nguvu ya nikotini kabla ya wakati wake, ukidhani unapunguza, kunaweza kukuongezea gharama.

Baada ya kimiminika inafuata koili, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo fedha za watu wengi zinapovuja kimya kimya. Koili ni waya mdogo uliozungushiwa pamba. Pamba inalowa kimiminika, waya unakipasha moto, na baada ya muda mabaki yanaganda kwenye waya, rangi inakuwa nyeusi na ladha inakuwa ya kuungua. Katika podi za kujaza, koili mara nyingi imo ndani ya podi yenyewe, na podi moja ya pauni 3 na nusu hudumu wiki mbili hivi. Katika kifaa kikubwa koili moja ya bei kama hiyo hudumu wiki moja kwa mtumiaji wa mililita 10 kwa siku, kwa kuwa imepitisha kimiminika kingi mno. Vimiminika vitamu sana, hasa vilivyotiwa sukraloso, ambayo ni kitamu bandia, huziba koili kwa siku chache. Mtu anayebadilisha ladha ya peremende kwa ladha ya mnanaa au tumbaku anaweza kuona koili yake ikidumu mara mbili. Na podi mpya ikishajazwa iachwe dakika 10 kabla ya kuvutwa, ili pamba ilowe hadi ndani. Anayevuta papo hapo huunguza pamba kavu, na podi ya wiki mbili hufa siku ileile. Nimewasikia watu wengi wakilaumu duka kwa kuwauzia podi mbovu, kumbe podi ilikuwa nzima.

Umeme hauna haja ya kukushughulisha. Betri ya kifaa kidogo yenye mAh 1,000 hubeba wati-saa 3.7, na ukiichaji kila siku mwaka mzima haifiki hata uniti mbili za umeme; kwa bei ya peni 25 kwa uniti, hiyo ni chini ya peni 50 kwa mwaka. Kinachogharimu ni kuchakaa kwa betri yenyewe. Betri za lithiamu hupoteza sehemu ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, kwa hiyo kifaa kidogo cha pauni 20 kinachochajiwa kila siku tukipe mwaka mmoja. Kifaa kikubwa cha pauni 60 hukaa zaidi kwa kuwa betri zake hutolewa na kubadilishwa. Tukigawanya bei yake kwa miaka na kuongeza jozi ya betri kila mwaka, ni pauni 37 hivi kwa mwaka.

Tuunganishe sasa, kwa bei za leo kabla ya ushuru mpya. Pakiti moja ya sigara kwa siku, tukiiweka pauni 15, ni pauni 5,475 kwa mwaka. Vepu ya kutupa moja kwa siku ilikuwa kama pauni 2,000. Podi zako zilizojazwa, moja kwa siku, ni pauni 1,095, na pamoja na vifaa vichache vya bei ndogo vya kuzichomekea zinafika pauni 1,120. Shemeji yako hutumia chupa 73 za mililita 10 kwa mwaka, ambazo ni pauni 256, podi 26 za pauni 91, na kifaa cha pauni 20: jumla pauni 367. Dereva mwenzako, kwa mililita 3,650 kwa mwaka, hutumia pauni 426 za kimiminika, pauni 182 za koili na hizo pauni 37 za kifaa na betri: jumla pauni 645. Kwa hiyo hata leo, pamoja na chupa yake ya bei nafuu mara tatu, anatumia karibu mara mbili ya shemeji yako.

Kuna aina moja hukuitaja ambayo imejaa madukani tangu vepu za kutupa zikatazwe, nayo ni vile vifaa vinavyokuja na podi ya mililita 2 pamoja na kibweta cha mililita 10 kinachoijaza chenyewe, vikitangazwa kwa idadi kubwa ya mivuto. Kwa pauni 11 kwa mililita 12, mtu wa mililita 2 kwa siku hutumia pauni 670 kwa mwaka. Si vibaya ukilinganisha na podi zako, ila ile idadi ya mivuto iliyoandikwa kwenye boksi usiitumie kulinganisha chochote, kwa kuwa hupimwa kwa mashine inayovuta kwa muda mfupi. Tafuta neno mililita kwenye boksi ugawanye bei kwa hiyo.

Sasa ushuru. Bajeti ya Uingereza ya Oktoba 2024 ilitangaza ushuru wa vepu utakaoanza tarehe 1 Oktoba 2026, wa pauni 2 na peni 20 kwa kila mililita 10, bila kujali kimiminika kina nikotini kiasi gani au hakina kabisa. Pendekezo la awali la Machi 2024 lilikuwa na viwango vitatu kulingana na nguvu ya nikotini. Likaachwa, kikawekwa kiwango kimoja. Juu yake inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20, kwa sababu VAT hutozwa juu ya bei ikiwa na ushuru ndani yake, hivyo ongezeko halisi ni pauni 2 na peni 64 kwa mililita 10, yaani peni 26 na ushei kwa kila mililita. Kifaa, koili na podi tupu haviguswi na ushuru huu.

Uone sasa inavyotokea. Podi yako ya mililita 2 inaongezeka peni 53. Chupa ya shemeji yako inapanda kutoka pauni 3 na nusu hadi pauni 6 na peni 14. Chupa ya mwenzako ya mililita 100 inatoka pauni 12 na kwenda pauni 38 na peni 40, na bado hajanunua vichupa vya nikotini, ambavyo vitatoka pauni 1 hadi pauni 3 na peni 64 kila kimoja. Najua wauzaji wengine watapunguza faida yao ili kupooza ongezeko hilo, lakini katika chupa ambayo ushuru wake unazidi maradufu ya bei yake ya awali hakuna faida inayotosha kupunguzwa.

Kwa mwaka mzima, mtu wa mililita 2 kwa siku anaongezewa pauni 193. Podi zilizojazwa zinafika pauni 1,313. Vile vyenye kibweta, pauni 863. Kifaa cha shemeji yako, pauni 560. Mtu wa mililita 10 kwa siku anaongezewa pauni 964, na dereva mwenzako anafika pauni 1,609. Ushuru wa kiwango kimoja kwa mililita humgusa kidogo aliyekuwa akinunua mililita ghali na kumlemea aliyekuwa akinunua mililita rahisi nyingi. Wewe bili yako inapanda kwa asilimia 17, shemeji yako kwa asilimia 53, na ya dereva mwenzako inakuwa mara mbili na nusu. Kwa miaka mitano, bei nyingine zikibaki zilivyo, shemeji yako atatumia pauni 2,800, wewe ukiendelea na podi zako pauni 6,565, na mwenzako pauni 8,045. Pakiti ya sigara kwa siku katika muda huohuo inazidi pauni 28,000, kwa kuwa siku hiyohiyo ya 1 Oktoba 2026 ushuru wa sigara nao unaongezwa pauni 2 na peni 20 kwa kila sigara 100. Ukiigawa kwa pakiti na kuongeza VAT inakuwa peni 53, sawasawa na ongezeko la podi yako moja. Serikali ilikusudia tofauti ya bei kati ya sigara na vepu isifutike, na kwa maoni yangu ilikusudia sawa.

Pima pia kwa nikotini yenyewe, maana ndiyo mwili wako unayoitaka. Katika kimiminika cha miligramu 20 kwa mililita, ushuru na VAT yake ni kama peni 1 na theluthi kwa kila miligramu ya nikotini. Katika kile cha miligramu 3 ni karibu peni 9. Dereva mwenzako analipa kodi karibu mara saba kwa kitu kilekile. Mwambie kwa upole kwamba si lazima atupe kifaa chake. Vifaa vingi vikubwa hukubali tangi la koili yenye ukinzani mkubwa na wati ndogo, na akitumia hilo pamoja na nikotini yenye nguvu zaidi, matumizi yake yanaweza kushuka hadi robo. Asitie nikotini ya miligramu 20 katika koili ya wati 70, atazidiwa: kichwa kitamuuma na kichefuchefu kitamshika.

Nirudi kwenye zile sigara mbili tatu za mapumziko. Sigara moja kutoka pakiti ya pauni 15 ni peni 75. Sigara tatu kwa siku ni pauni 2 na robo, na kwa mwaka ni pauni 821. Hiyo inazidi kwa mbali pauni 560 zitakazokuwa gharama ya mwaka mzima ya kifaa cha shemeji yako baada ya ushuru. Unaweza kuchagua kifaa bora kuliko vyote, ukajaza kwa uangalifu, ukatunza koili zako, na bado sigara tatu zikala zaidi ya ulichookoa. Kiafya jambo ni zito zaidi, kwa kuwa moyo na mishipa ya damu huumia hata kwa sigara chache kwa siku, na faida kubwa ya kuhamia vepu huja pale sigara inapokoma kabisa. Kama unazivuta kwa sababu podi yako haikutoshi saa za mapumziko, angalia kwanza nguvu ya nikotini iliyoandikwa juu yake. Wengi wanaoendelea na sigara kidogo nimewakuta wakitumia miligramu 10 walipohitaji 20.

Kuhusu akiba, unaookoa ni pauni 2 na peni 64 kwa chupa. Chupa 36 zinazotosha nusu mwaka zitakugharimu pauni 126 kwa mpigo na kukuokolea pauni 95, si haba. Lakini kimiminika cha nikotini kwa kawaida hupewa muda wa miaka miwili tu, nikotini hugeuka rangi na kupoteza makali ikikaa penye joto na mwanga, na ladha unayoipenda leo unaweza kuichoka kabla ya chupa ya kumi. Kwa hiyo nusu mwaka ndio mwisho, uchanganye ladha, uhifadhi mahali pa baridi na giza. Kisha, na hili nakusihi, pafungike kwa ufunguo ikiwa nyumbani kuna watoto: chupa moja ya mililita 10 ya miligramu 20 ina miligramu 200 za nikotini, kiasi kinachoweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo akikinywa. Maduka yataruhusiwa kumalizia bidhaa zisizo na stempu ya ushuru kwa miezi sita, na kuanzia 1 Aprili 2027 kila chupa na kila podi iliyojazwa lazima iwe nayo. Baada ya hapo, chupa ya bei ya kushangaza isiyo na stempu iache ilipo. Aliyekwepa ushuru huenda amekwepa na vipimo vya usalama.

Kwa kuwa kwenu ni Mombasa na huenda ukasafiri mwisho wa mwaka, jua kwamba Kenya nayo hutoza kwa mililita: tangu mwisho wa 2024 ushuru wa kimiminika cha nikotini ni shilingi 100 kwa mililita, hivyo chupa ya mililita 10 hubeba shilingi 1,000 za ushuru peke yake. Hesabu ya kifaa kidogo dhidi ya kikubwa inasimama vilevile huko. Ukipitia Uganda, usibebe kabisa, kwa kuwa sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza sigara za kielektroniki kuingizwa na kuuzwa.

Kabla hujatoa pauni 20 za kifaa kipya, ulizia huduma ya kuacha sigara ya eneo lako, ambayo ni bure na unaweza kwenda mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Aprili 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja wa England vifaa vya kuanzia, na baadhi ya halmashauri bado hutoa kifaa na kimiminika cha wiki za mwanzo kwa anayekubali kufuatiliwa na mshauri. Kwa kuwa bado unavuta sigara chache, unahesabiwa kuwa mvutaji, na unastahili kuuliza. Mshauri anaweza pia kukueleza juu ya vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vya varenicline, au vya cytisine, ambavyo vilianza kupatikana Uingereza Januari 2024 na dozi yake ni ya siku 25. Katika England dawa ikiandikwa na daktari hulipiwa pauni 9 na peni 90 kwa kila aina, kiasi ambacho hakinunui hata pakiti moja ya sigara.

Utaratibu ninaokupendekezea basi ni huu. Nunua kifaa kama cha shemeji yako, kwa nikotini yenye nguvu inayokutosha hadi sigara za mapumziko zikome, na usiguse nguvu hiyo kwa miezi michache ya mwanzo. Ukiona wiki zinapita bila hamu ya sigara, ndipo uanze kushuka, kutoka miligramu 20 hadi 10, kisha chini zaidi, huku ukihesabu chupa zako kila mwezi: zikiongezeka, umeshuka haraka, rudi juu ngazi moja na usubiri. Ukifika mahali pa kuacha kabisa baada ya miezi 18, gharama yako ya miaka mitano yote itakuwa pauni 840 hivi. Kifaa chako cha sasa cha podi kirudishe dukani ili kikachakatwe, kwa kuwa kila duka linalouza vepu Uingereza linawajibika kuvipokea vilivyokwisha kutumika, na betri ya lithiamu ikitupwa kwenye pipa la kawaida huweza kuwasha moto ndani ya gari la taka.